Sadaka ya misheni: kapu la pamoja, shirika unalolijua, au mkono kwa mkono?

Jumuiya yetu husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na kwenye vibarua. Mimi ndiye mweka hazina. Mwaka jana, mwanzoni mwa Oktoba, tulivunja kibubu cha misheni kwenye meza ya mwenyeji wetu wa wiki ile, nikahesabu mbele ya watu wote: shilingi 130,000. Nyingi zilikuwa noti za elfu moja zilizokunjwa mara nne, na sarafu za mia mbili mia mbili. Mama mmoja anayeuza vitumbua kituo cha daladala, ambaye sijawahi kumwona akipitisha wiki bila kutoa, akauliza, "Mwalimu, hizi tunazipeleka wapi hasa?"

Papo hapo yakatoka mawazo matatu. Mwenyekiti alitaka zote ziingie kwenye sadaka ya Dominika ya Misheni. Kijana mmoja akasema zitumwe kwa shirika la masista ambako binti wa jirani yetu ameweka nadhiri, na sasa anafanya utume Sudan Kusini. Wengine wakasema parokia yetu ina frateri seminarini, tumpelekee yeye, maana shida zake tunazijua kwa macho. Tuliahirisha. Nikapewa wiki mbili niulize kwa paroko, kwa mkurugenzi wa misheni wa jimbo na kwa watawa ninaowafahamu. Hapa naandika niliyowarudishia wanajumuiya, pamoja na machache ambayo mimi mwenyewe niliyajua kwa kuumia.

Kapu la pamoja

Dominika ya Misheni ni ile inayotangulia Dominika ya mwisho ya Oktoba. Papa Pius XI aliianzisha tarehe 14 Aprili 1926, kwa hiyo mwaka huu wa 2026 ni miaka 100 tangu hapo. Sadaka ya misheni ya siku hiyo si ya parokia wala ya jimbo. Kanuni ya 791 ya Sheria za Kanisa inalitaka kila jimbo liwe na padre wa kusimamia mambo ya misheni, liadhimishe siku ya misheni kila mwaka, na mchango wa waamini kwa ajili ya misheni upelekwe kwa Kiti Kitakatifu, yaani kwa Papa na ofisi zake Roma. Hapa Tanzania hutoka parokiani ikaenda jimboni, na kutoka jimboni ikafika ofisi ya taifa ya Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari. Wengi huyaita PMS kwa kifupi, nami nitafanya hivyo.

Kinachofuata baada ya hapo ndicho wengi wetu tulikuwa hatukijui. Wakurugenzi wa PMS wa nchi zote hukutana Roma mara moja kwa mwaka. Kila mmoja anasema nchi yake imekusanya kiasi gani, kisha wanapitia maombi yaliyoletwa kutoka nchi za misheni na kuyapigia kura. Ombi huandikwa na askofu wa jimbo lenye shida, nalo hupita kwanza kwa Balozi wa Papa katika nchi hiyo. Majimbo yanayohudumiwa kwa njia hii ni zaidi ya 1,100, yakiwemo ya kwetu Afrika Mashariki. Fedha zinakwenda kwenye posho za makatekista, makanisa ya vigango (sehemu ndogo za parokia zisizo na padre wa kukaa), seminari, vituo vya watoto, usafiri wa padre mwenye vigango ishirini. Lakini kwa sababu ya mzunguko huo, ulichotoa Oktoba hakigawanywi mpaka mwaka unaofuata. Anayetaka kuona matokeo kabla ya Noeli atachoka kusubiri.

Kapu hili halikuanzia Vatikani. Lilianzia Lyon, Ufaransa, mji wa viwanda vya hariri, kwa binti wa mwenye kiwanda aliyeitwa Pauline Jaricot, mzaliwa wa 1799. Kaka yake Phileas alikuwa seminarini Paris, akimwandikia jinsi misheni za mbali zilivyokuwa hoi kwa kukosa fedha. Pauline aliwaendea wasichana wa viwandani, akawaomba sala na sou moja kwa wiki, sarafu ambayo hata mfanyakazi wa kima cha chini hakuikosa. Kila mmoja atafute watu kumi. Kila makundi kumi yawe na mkuu wa mia, na kila mia kumi ziwe na mkuu wa elfu. Yeyote aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi anauelewa mpango huo bila kuchorewa.

Sasa sikiliza kilichotokea tarehe 3 Mei 1822, siku mpango huo ulipogeuzwa kuwa chama cha Uenezaji wa Imani. Kulikuwa na ombi mezani: padre aliyetoka jimbo la Louisiana, Marekani, alitaka chama kikusanye kwa ajili ya jimbo lake. Waliokutana wakamkatalia. Walisema wao ni Wakatoliki, na chama watakachoanzisha kiwe cha misheni zote duniani. Niliposimulia hilo kwenye jumuiya, mwenyekiti wetu alipiga paja. Ubishi wetu wa kibubu ulikuwa umeshabishaniwa Lyon miaka mia mbili iliyopita.

Miaka 100 kamili baadaye, tarehe 3 Mei 1922, Pius XI alikifanya chama hicho kuwa shirika la Kipapa pamoja na mengine mawili nitakayoyaeleza. La nne, Umoja wa Wamisionari, lilianzishwa mwaka 1916 na Padre Paolo Manna wa Italia. Kazi yake ni kuwafunda mapadre, watawa na makatekista wawe na moyo wa kimisionari, kwa hiyo usilitafute kwenye bahasha. Pauline mwenyewe alifariki mwaka 1862 akiwa fukara, baada ya wajanja kumdhulumu fedha alizoziweka kwenye mradi wa kuwasaidia wafanyakazi. Alitangazwa Mwenyeheri huko huko Lyon tarehe 22 Mei 2022.

Nguvu ya kapu ni kwamba linafika mahali pasipo na msemaji. Fikiria jimbo ambalo askofu wake hana rafiki Ulaya, hana padre aliyesoma Ujerumani akarudi na anwani za wafadhili, na mtandao wa simu unapatikana juu ya kilima tu. Hakuna atakayelitumia chochote kwa kulipenda. Mgao wa pamoja unalihesabu kama mengine. Hii ndiyo hoja iliyonishinda, na bado sijapata ya kuijibu.

Udhaifu wake ni kwamba hulioni uso. Hakuna barua itakayokuja ikisema, "Jumuiya ya fulani, tumepokea, asanteni." Watoto watakuuliza zimekwenda nchi gani, utabaki kuwaambia duniani. Kwa wengine hilo linapoza moyo, na mtu asiyeona matunda huchoka kutoa. Sioni haja ya kuwalaumu.

Jambo moja la kutenganisha: mchango wa Mtakatifu Petro, unaokusanywa karibu na tarehe 29 Juni, ni kitu kingine. Huo ni wa kumsaidia Baba Mtakatifu katika huduma yake na matendo yake ya huruma. Parokia nyingi watu huichanganya miwili hii kwa sababu zote "zinakwenda Roma".

Kapu lenye jina

Ukilipenda kapu lakini unataka kujua limeandikwa nini juu yake, yako mawili ya kuchagua ndani ya PMS.

La kwanza ni Utoto Mtakatifu. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alilianzisha mwaka 1843 kwa sharti ambalo mtoto yeyote analiweza: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi, watoto wawasaidie watoto. Ujerumani na Austria watoto huvaa kama Mamajusi siku za Epifania, wakaimba nyumba kwa nyumba na kopo la mchango. Kwetu ni wale wenye skafu wanaoingia na maandamano Dominika ya watoto.

Ukienda Bagamoyo, ukafuata njia ya miembe mpaka Misheni, utayaona makaburi ya wamisionari wa kwanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ile mwaka 1868, na wengi wao walizikwa wakiwa vijana. Walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa na kuwalea, Zanzibar kwanza kisha Bagamoyo, na sehemu ya fedha za kazi hiyo zilitoka Utoto Mtakatifu na Uenezaji wa Imani. Yaani sarafu za watoto wa Ufaransa, ambao hawakujua Bagamoyo iko wapi, zilifika pale. Niliwapeleka watoto wa jumuiya pale likizo moja. Mmoja wa darasa la nne alisimama mbele ya kaburi akahesabu kwa vidole umri wa aliyezikwa, akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mdogo kuliko kaka yangu." Tangu siku hiyo sijalazimika kumkumbusha mtoto yeyote sarafu yake.

La pili ni Shirika la Mtume Petro, na hapa ndipo suala la frateri wetu linapoingia. Mwaka 1889 askofu wa Nagasaki, Japani, alimwandikia Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie, wakaaji wa Caen, Ufaransa. Alikuwa na vijana wanaotaka upadre lakini hana fedha za kuwasomesha, ikabidi awarudishe baadhi. Mama na binti wakaanza kukusanya kwa ajili ya seminari, na mpaka leo shirika hilo linazibeba seminari za nchi za misheni kwa ruzuku ya kila mwaka, ikihesabiwa waseminari wote walioko.

Gombera mstaafu ninayemfahamu, yaani aliyekuwa mkuu wa seminari, alinieleza kwa nini anapenda njia hiyo kuliko ya kumtumia frateri mmoja. Alisema kwenye bweni moja utamkuta frateri wa parokia ya mjini ana simu nzuri, viatu jozi tatu na fedha ya matumizi kila mwisho wa mwezi. Kitanda cha pili yuko mwenzake wa kigango cha mbali, akiazima viatu vya kwendea likizo. Wote wawili wanafundishwa kwamba ni ndugu. Sadaka ya seminari nzima inawalisha kwenye sufuria moja. Hilo halimaanishi umtupe frateri wenu. Ana mahitaji yake, na parokia ndiyo mzazi wake. Ila hayo ni malezi ya mtoto wa nyumbani. Kibubu kilichoandikwa "misheni" ni cha walio mbali.

Shirika unalolijua

Njia hii ndiyo iliyotujengea nusu ya hospitali na shule tulizosomea. Mapadre Weupe walioanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie walipita Bagamoyo mwaka 1878 kwenda maziwa makuu, wakafika Buganda Februari 1879. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walijenga Peramiho kuanzia 1898 na Ndanda kuanzia 1906. Wakonsolata wa Padre Giuseppe Allamano, shirika lililozaliwa Torino mwaka 1901, walifika Kenya mwaka uliofuata, na Allamano alitangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, ambayo ilikuwa Dominika ya Misheni. Nyuma ya wote hao walikuwepo watu wa kawaida Ufaransa, Ujerumani na Italia, wafugaji na washonaji, waliokuwa wakipokea gazeti dogo la shirika na kurudisha bahasha.

Uzuri wake ni uhusiano. Unajua shirika linafanya nini, unamjua mtu mmoja ndani yake, unapata habari. Sista wetu wa Sudan Kusini akirudi likizo hupita kwenye jumuiya na kusimulia, na watu humsikiliza mpaka chai inapoa. Kisima alichokisimulia mwaka juzi tunakijua kina chake. Zaidi ya hapo, shirika lina msimamizi wake wa fedha na mkuu wake, lina ukaguzi wake, na halitegemei uaminifu wa mtu mmoja. Ukituma, tuma kwa mkuu wa shirika au kwa ofisi yao ya misheni, ukieleza ni kwa ajili ya utume upi. Usitume kwenye simu ya sista, hata akiwa ndugu yako wa damu. Watawa wana nadhiri ya ufukara, na unamweka mahali pagumu mbele ya wenzake.

Kasoro yake ni kwamba fedha hufuata umaarufu. Shirika kongwe lenye tovuti, gazeti na marafiki nchi kumi litapata. Shirika changa la masista wa jimbo, lililoanzishwa na askofu mzalendo na lenye nyumba tatu na ng'ombe wawili, nalo linapeleka masista kwenye mikoa ambayo hakuna anayetaka kwenda, lakini jina lake halijulikani nje ya jimbo. Kama unachagua njia hii, nakusihi uanze na mashirika ya Kiafrika. Mitume wa Yesu, kwa mfano, walianzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968 wawe wamisionari waliozaliwa Afrika, na mapadre wao leo wako hadi Marekani na Ulaya. Watu walikwisha kuzoea kwamba mmisionari ni Mzungu mwenye ndevu, wakasahau kwamba wa kwao naye anahitaji nauli.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wanayo njia ya kati ambayo naipenda. Jimbo huipangia kila parokia mmisionari mmoja kwa mwaka, mara nyingi miezi ya kiangazi, aje ahubiri na kuombewa sadaka ya pili. Mapadre na masista kutoka Tanzania, Kenya na Uganda huonekana sana kwenye ratiba hizo. Uso unauona, na fedha zinapita mikononi mwa ofisi ya jimbo.

Mkono kwa mkono

Hii ndiyo inayovutia kuliko zote, nami ndiyo niliyoianza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita kwaya niliyokuwa naimba ilifanya harambee ya mabati kwa kigango cha mkoa mwingine. Mmoja wetu alikuwa amepita pale akaona watu wanasali chini ya nyasi. Tulipata mabati sitini, misumari na fedha ya fundi. Tulipanda basi, tukaenda kupaua wenyewe, tukapiga picha, wanawake wa pale wakatupokea kwa vigelegele na kuku wawili. Ile furaha ninaikumbuka mpaka leo.

Baada ya miaka miwili nilipita tena njia ile kwa msiba. Kanisa limefungwa kwa kufuli. Nyasi zimefika usawa wa dirisha, na kwenye mlango mavumbi yamekaa kama haujaguswa tangu masika. Mzee wa jirani alikuwa na ufunguo. Akanieleza bila kulalamika: katekista alikuwa akisimamia vigango vinne kwa miguu, posho yake ilikuwa ndogo na ikawa haifiki, akaondoka kwenda kuvuna korosho. Padre huja mara mbili kwa mwaka. Watu wameanza kwenda kusali kwingine. Bati letu lilikuwa likimeta juani.

Sisi tulichangia kinachopigika picha. Kwa baiskeli ya katekista na posho yake ya mwezi hakuna aliyepiga harambee, na hatukumwuliza paroko wa pale anakosa nini kabla ya kununua. Kumbe posho za makatekista ndizo moja ya mambo ya kawaida kabisa ambayo kapu la pamoja hulipia mwaka hadi mwaka, bila picha. Hapo ndipo nilipoacha kulidharau.

Mara ya pili niliumia kwa namna nyingine. Ujumbe ulizunguka kwenye WhatsApp, una picha ya watoto na ya padre aliyevaa kanzu, unaomba msaada wa haraka kwa kituo cha yatima "cha misheni". Nikatuma 40,000. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la kituo wala la padre, nikajiambia labda ni mhasibu wao. Siku ya pili namba haikupatikana tena.

Sisemi usitoe moja kwa moja. Penye uhusiano wa kweli kati ya parokia na parokia, ambapo watu wanatembeleana na paroko wa upande wa pili ndiye anayetaja shida, nimeona mambo mazuri sana. Lakini uliza kwanza kwa askofu au paroko wa mahali penyewe, hata kama picha zinatia uchungu. Akaunti au namba ya malipo iwe na jina la jimbo, parokia au shirika. Uliza nani atalipia kazi hiyo mwaka wa tatu, fundi akishaondoka. Na andika kusudi la fedha yako, kwa sababu Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Maneno mawili kwenye bahasha yanamfunga mpokeaji.

Elfu hamsini zile zile

Mama wa vitumbua aliniomba niache maelezo marefu, nimwambie elfu hamsini moja inafanya nini kila upande. Nikajaribu.

Ukiitia kwenye kapu la pamoja, inachanganyika na za Wakatoliki wa nchi zote, inakaa miezi, inapigiwa kura, na huenda ikawa sehemu ya posho ya katekista wa Papua New Guinea au wa Kigoma. Hutajua. Uwezekano wa kupotea njiani ni mdogo, na uwezekano wa kufika kwa aliyesahaulika ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Ukiipeleka kwa shirika unalolijua, inafika mapema zaidi, kwenye nchi unayoitaja, na utasikia habari zake. Itakwenda pale shirika lilipo, na pasipokuwa na shirika haitafika.

Ukiituma mkono kwa mkono, inaweza kufika kesho asubuhi na kununua dawa mchana. Pia inaweza isifike kabisa, au ikanunua bati la kanisa lisilo na katekista. Usalama wake ni sawa na usalama wa mtu unayemtumia, basi.

Na ukiifanya kuwa nia za Misa, yaani sadaka unayompa padre ili aadhimishe Misa kwa ombi lako? Hii wengi hawaifikirii. Una marehemu wa kuombewa, na sadaka ya nia ungeitoa tu. Unaweza kuipeleka kupitia jimbo au shirika kwa padre wa misheni, ambaye pengine hana kipato kingine kinachoeleweka. Kila sadaka ya nia ina Misa yake, na padre akiadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku anabaki na sadaka moja tu, isipokuwa Noeli. Kwa hiyo padre wa parokia kubwa ya mjini yenye nia nyingi haongezewi chochote kwa nia yako, wakati kule kigangoni huenda ndiyo chakula cha siku ile. Shirika la Kanisa Hitaji, lililoanzishwa mwaka 1947 na Padre Werenfried van Straaten na kupewa hadhi ya Kipapa mwaka 2011, linawasaidia mapadre wengi kwa njia hii. Kama unaomboleza mtu mwaka huu, anza hapa.

Asiye na elfu hamsini

Kwenye jumuiya yetu yuko mzee ambaye kiharusi kilimlaza miaka mitatu iliyopita. Siku ile ya kuhesabu tulikuwa nyumbani kwake. Aliposikia ubishi wetu akasema yeye yuko nje ya hesabu. Nikamsimulia Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu.

Aliingia monasteri ya Lisieux akiwa na miaka 15, hakutoka, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Alipewa wamisionari wawili wa kuwaombea kama kaka zake. Mmoja, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe na akaja kufanya utume Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Siku moja, ugonjwa ukiwa umemwelemea, Tereza aliambiwa atembee kidogo bustanini. Alikuwa hoi kwa kila hatua. Alipoulizwa kwa nini hapumziki, akajibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari mmoja, ambaye pengine yuko mbali huko amechoka, naye anamtolea uchovu wake. Tarehe 14 Desemba 1927 Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misheni zote sambamba na Fransisko Ksaveri, aliyesafiri mpaka Japani.

Mzee hakusema kitu. Baadaye akaniomba jina la kitawa la yule sista wa Sudan Kusini, nimwandikie kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo sasa imebandikwa ukutani, upande ambao anaweza kugeukia.

Kuhusu kwenda mwenyewe nitasema kidogo, maana hakuna ulinganisho hapo. Waraka wa Papa Pius XII wa 21 Aprili 1957, ulioandikwa hasa kwa ajili ya Afrika, uliwafungulia mapadre wa majimbo njia ya kuazimwa kwenda misheni kwa miaka kadhaa, na walei nao wanaenda, walimu, manesi, mafundi. Kama una miaka miwili ya kutoa na huna mdogo anayekutegemea ada, nenda ukazungumze na mkurugenzi wa jimbo. Nauli yako mwenyewe itakuwa mchango mkubwa kuliko chochote nilichotaja.

Tulivyoamua

Ushauri wangu kwa jumuiya ulikuwa huu: sehemu kubwa iende kwenye kapu la pamoja, kwa sababu ni sisi wenyewe tulilelewa nalo, sehemu ndogo ibaki kwa uso mmoja tunaoujua, ili moyo usipoe. Walikubali baada ya kubishana nusu saa. Shilingi 80,000 zikaingia sadaka ya Dominika ya Misheni, tarehe 19 Oktoba. 20,000 wakapewa watoto wazitoe wenyewe kwa Utoto Mtakatifu. 30,000 zikaenda kwa mkuu wa shirika la sista wetu. Kwa frateri tukaanzisha kibubu kingine, kijani, kinachokaa kwa katibu.

Nikaandika bahasha tatu kwa kalamu ya wino, kusudi la kila moja upande wa mbele. Risiti ya jimbo iliporudi niliisoma kwenye sala ya Jumamosi. Mama wa vitumbua akaiomba, akaiweka dirishani kwenye mwanga, akasoma neno "misheni" kwa sauti, kisha akampitishia aliyekaa kulia kwake.